Tochi kwenye Sanduku la Bi Harusi



Leo hatuzungumzi singo wala liwa, wala namna ya kufukiza udi ukakaa kwenye nguo mpaka asubuhi. Leo tunazungumza tochi. Ile ya kuvaa kichwani, yenye mkanda. Tunajua mtacheka. Hata somo wa mdogo wetu alicheka, siku alipofungua sanduku la mwari kulihakiki akaikuta imekaa kati ya doti za kanga na chupa za marashi. Aliinyanyua kwa ncha za vidole kama aliyeokota mjusi. "Haya jamani, mwari wetu anakwenda kuolewa au anakwenda Mererani kuchimba Tanzanite?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama peke yake hakucheka. Alisema, "Irudishe palepale, somo. Harusi hii nimeikubali kwa sababu ya hiyo."

Ili mwelewe maneno ya Mama, inabidi tuwapeleke Lushoto.

Mdogo wetu alichumbiwa na kijana wa Kisambaa waliyesoma naye Dar es Salaam. Watu wa dini, watu wa heshima, hatukuwa na la kusema. Mwezi wa Juni mwaka ule tukaambiwa twende tukajuane: Mama, mjomba, bi harusi mtarajiwa na sisi dada zake wawili. Tukapanda boti ya asubuhi Malindi, tukafika Dar, tukashika basi: Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo. Pale Mombo unaiacha barabara kubwa ya Arusha na unaanza kuupanda mlima. Ni kilomita 33 hivi mpaka Lushoto mjini, kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande huu na korongo upande ule. Soni unayaona maporomoko ya maji hapo hapo pembeni ya barabara. Lushoto yenyewe iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, wakaja kukimbilia baridi yake. Sisi tuliokuja na mabuibui mepesi ya pwani, baridi hiyo ilitukimbilia yenyewe.

Tuliondoka Dar tukiwa tumechelewa, tukafika Lushoto tumechelewa zaidi. Huku kwetu karibu na ikweta jioni haina subira. Mwezi wa Juni jua linazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na dakika 20 baadaye huoni kitu. Tulisali kwa haraka mjini, gari ikatubeba mpaka barabara ilipokwisha, na kutoka hapo ikawa ni miguu. Nyumba ya wakwe ilikuwa ng'ambo ya mteremko. Njia nyembamba inapita kati ya matuta ya kabeji na viazi, na ubavuni mwake mfereji wa maji ya kumwagilia. Mashemeji walibeba mizigo wakatangulia. Sisi tukatoa simu, tukawasha tochi zake.

Sasa hebu jifikirie, shoga. Mkono wa kulia una simu. Mkono wa kushoto umenyanyua buibui usije ukalikanyaga. Pochi iko begani inateleza. Unakanyaga jiwe usilolijua, na mwanga wa simu unamulika kila unapotupa mkono: mara jani, mara mgongo wa mwenzako, mara hewa. Mama alikuwa katikati yetu. Tulisikia kwanza simu ikigonga jiwe, halafu yeye. Alijaribu kuidaka simu badala ya kujidaka mwenyewe, akaanguka mferejini kwa kiganja cha mkono.

Mashemeji walirudi mbio wakasimama hatua mbili mbali, hawajui wamguse wasimguse, maana si maharimu zake. Mjomba alikuwa nyuma kabisa. Na sisi binti zake, tuliokuwa tumemzunguka, hakuna kati yetu aliyekuwa na mkono mtupu wa kumdaka.

Aliyemtoa ni mama mkwe. Aliteremka na kandili, akaliweka juu ya jiwe, akamkumbatia Mama kiunoni na kumnyanyua kama anayemnyanyua mtoto. "Pole, dada yangu. Pole. Ndiyo umeshafika nyumbani." Usiku ule alimkanda mkono kwa maji ya moto na chumvi mpaka akalala. Haukuvunjika, alhamdulillah, uliteguka tu. Lakini asubuhi Mama alitoka nje na kuiona ile njia kwa jua. Aliona matuta yanavyoshuka mpaka chini bondeni, na akaona umbali aliokuwa angeanguka kama si mfereji. Wenyeji walimwonesha uzuri wa mahali: milima iliyofunikwa na ukungu kama pazia, miti ya plamu na mapea, maua kila ukingo. Mama alisema masha Allah, akanywa chai, na macho yake hayakuiacha ile njia.

Tuliporudi kwenye boti alituuliza swali moja. "Choo kiko nje, jiko liko nje. Mwanangu atatoka usiku peke yake kwenye kiza kile, na pengine ana mimba. Nani atamshika?" Hatukuwa na jibu. Watu wa kule wakapiga simu kuuliza tarehe. Mama akasema bado anafikiri. Akafikiri wiki mbili, akafikiri wiki nne. Hakuna aliyesema hapana, na mdogo wetu akakonda.

Msidhani Mama hakijui kiza. Waliokuwapo Unguja mwaka 2008 wanakumbuka umeme ulivyokatika wiki nzima nzima, kisha ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu. Kandili zilirudi kutoka mavunguni, na watu wakapikia mwanga wa simu za vitufe. Mama alituvusha miezi ile bila kulalamika. Lakini nyumba yetu iko kwenye sakafu tambarare. Kiza cha kwetu ukikosea hatua unagonga kabati.

Aliyepata jibu ni mwari mwenyewe, na hakulipata dukani. Alilipata kulekule mlimani, alfajiri ya siku ya pili. Baada ya Sala ya Alfajiri alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba akamkuta wifi yake anakamua ng'ombe. Kiza kimetanda, na wifi amevaa tochi ya kichwani juu ya ushungi, mwanga umetua pale pale kwenye kiwele, mikono yake yote miwili inafanya kazi. Mdogo wetu alikaa na picha ile wiki zote nne ndipo akaisema. "Mama, wewe hukuanguka kwa sababu ya kiza. Umeanguka kwa sababu hukuwa na mikono."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi itafuteni hiyo tochi. Nzuri. Niione kwanza."

Ndivyo sisi, tuliokuwa hatujui zaidi ya rangi za kucha na hina, tulivyoingia kwenye somo la tochi. Tuliyojifunza tunawapa, maana huenda na wewe unaolewa bara, au unakwenda fungate mlimani, au una bibi kijijini anayetoka usiku kwa kibatari.

La kwanza ni lumeni. Hicho ndicho kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa. Kutembea kwenye njia unayoijua, lumeni 100 mpaka 200 zinatosha. Kutafuta njia usiyoijua au kuona mbali, 300 au 400 ni starehe. Maboksi mengi ya sokoni yanaandika 10,000, mengine 100,000. Usiyaamini. Kitochi cha betri 3 ndogo hakina nguvu ya kufika huko.

La pili ni saa. Boksi likisema lumeni 200 kwa saa 40, usidhani utapata 200 saa zote 40. Kipimo wanachokifuata watengenezaji wakubwa, kinachoitwa ANSI FL1, kinahesabu saa mpaka mwanga ubakie asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Yaani mwisho wa hizo saa 40 unatembea na lumeni 20. Tafuta tochi yenye ngazi kadhaa za mwanga, na jizoeze kukaa kwenye ngazi ya chini. Ndiyo itakayokufikisha alfajiri.

La tatu ni chakula chake. Kuna za betri za AAA, na kuna za kuchaji kwa waya wa simu. Ya kuchaji ni nafuu kwa miaka mingi, lakini umeme ukikatika siku tatu imekufa. Ya betri inafufuka kwenye duka lolote. Tulichagua inayokubali vyote viwili, betri yake ya kuchaji inatoka na AAA tatu zinaingia mahali pake. Kama unakwenda kukaa mbali na mji, tunakusihi uchague hivyo.

La nne ni maji. Usambara mvua haiagi. Angalia alama ya IPX4, maana yake inahimili mchirizi wa maji kutoka kila upande. IPX7 inahimili hata kuzama nusu saa kwenye maji ya kina cha mita moja. Kwa matembezi, IPX4 inatosha.

La tano ni taa nyekundu. Sisi tulidhani ni pambo. Kumbe mwanga mwekundu hafifu hauyaharibii macho yako uzoefu wa kiza, wala haumwamshi aliyelala. Unaamka kusali tahajudi na mume amelala. Unanyonyesha saa nane za usiku. Unatafuta kidonge cha Mama. Bonyeza nyekundu, kila mtu aendelee na usingizi wake.

La sita ni kufuli. Baadhi ya tochi zina namna ya kuifunga swichi isijiwashe ndani ya begi. Isiyokuwa nayo, geuza betri moja kichwa chini unaposafiri. Tusiwafiche, mmoja wetu alifika Mombo na tochi iliyokuwa imewaka ndani ya mkoba tangu Chalinze.

La saba ni letu sisi wavaa ushungi, na hakuna boksi litakalokuambia. Mkanda unateleza kwenye hariri na shifoni, unashuka mpaka kwenye nyusi. Vaa skafu ya pamba au ya jezi, na kofia ya ndani chini yake. Chagua mkanda wenye mistari ya mpira upande wa ndani, unashika vizuri. Uvae juu ya ushungi, usiuvae chini, maana usiku kukiwa na wageni hutaki kuvua kila kitu ili utoe tochi. Uzito usipite gramu 100, la sivyo shingo itakuuma. Na hakikisha kichwa cha tochi kinainama, ili mwanga uelekee miguuni huku shingo yako imenyooka. Wakati wa udhu, ivue na uitundike pembeni ikumulikie, maana kichwa lazima kipakwe maji.

Tulizunguka Darajani, tukaagiza na Muscat kwa shangazi, tukakusanya tochi tatu. Mama alizijaribu zote usiku uani, taa zimezimwa, anapanda na kushuka ngazi za jikoni na ndoo mkononi. Majirani walidhani tunatafuta paka. Mwisho aliichagua ndogo, ya lumeni 200, ngazi nne na nyekundu yake. Dada yetu mkubwa hakuridhika. Yeye alinunua ya kwake, kubwa, boksi limeandikwa 1,000. "Mlima ule unataka mwanga wa haja," alisema.

Ndoa ilifungwa Unguja mwezi wa Novemba, na baada ya siku chache tukampeleka mwari kwake. Vuli ilikuwa imeanza. Safari hii tulifika Lushoto mapema, lakini mvua ilitushika mjini, na tulipoanza njia ya miguu kiza kilikuwa kimeshaingia na ukungu umeshuka kutoka msitu wa Magamba. Ukungu wa kule hauelezeki kwa mtu wa pwani. Ni kama kutembea ndani ya mvuke wa sufuria, isipokuwa ni baridi.

Dada yetu mkubwa akatangulia, akawasha lumeni zake 1,000. Hakuona kitu. Na sisi nyuma yake hatukuona kitu. Mbele yetu ukasimama ukuta mweupe. Akaongeza, ukuta ukazidi weupe. Wifi, aliyekuja kutupokea, akacheka taratibu. "Punguza, dada. Halafu ivue uishike chini kiunoni."

Sababu yake ni nyepesi ukishaijua. Ukungu ni matone madogo ya maji, na kila tone linaurudisha mwanga. Taa ikiwa juu ya macho yako, mwanga unaorudi unaingia moja kwa moja machoni. Ni vilevile dereva anavyoacha kuwasha taa kubwa kwenye ukungu. Ukiishika taa chini, mwanga unapita karibu na ardhi, na kila jiwe linatupa kivuli chake, kwa hiyo unaliona kabla hujalikanyaga. Ukungu ukipungua unairudisha kichwani.

Mama akaivua ile ndogo, akaizungusha mkanda wake kiunoni juu ya buibui, akaiweka ngazi ya pili. Wifi akamkatia fimbo. Mama akaishika fimbo kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto, ule uliowahi kuteguka, akamshika mwanawe. Ndiye aliyetuongoza. Tulipoupita ule mfereji alisimama, akaumulika, akasema "Bismillah," na akaendelea.

Tulifika tukiwa na matope na wazima. Ndani tukafanya kosa la mwisho la wageni: tuliingia na tochi zimewaka na kila tuliyemsalimia tukampofusha. Anayevaa taa kichwani, anapokutazama anakumulika. Mama mkwe aliziba macho kwa kanga, akatukaribisha huku anacheka. Sisi Waislamu tumefundishwa kushusha macho, na tochi ya kichwani ukiizoea inakufundisha vilevile. Unapokutana na mtu unainamisha kichwa kidogo au unaifunika kwa kiganja, ndipo unatoa salamu.

Kwa mabibi harusi mnaouliza kama Lushoto panafaa kwa fungate: panafaa sana. Nendeni Irente, kiasi cha mwendo wa kilomita 5 kutoka mjini, msimame ukingoni mwa mlima muitazame nyika chini yenu mpaka macho yanapoishia. Mkilisubiri jua lizame, kumbukeni zile dakika 20, na tochi iwe begini. Usiku mwombeni mwenyeji au mwongoza watalii awatembeze kutafuta vinyonga. Tulikataa mwanzo, maana wengi wetu huku tunamwogopa kinyonga kuliko nyoka. Lakini usiku kinyonga amelala kwenye ncha ya kijiti, rangi imempauka, na ukipitisha mwanga taratibu anang'aa kama jani jeupe. Tulimwona dume mwenye pembe mbili puani, wa aina inayopatikana milima hii ya Usambara Magharibi. Jina la kisayansi la jamii yake ni Kinyongia, wataalamu wamelitoa kwenye neno letu la Kiswahili. Tulimtazama kwa ngazi ya chini kabisa tukamwacha alale.

Mama alikaa kule siku tisa. Alipoondoka alimwachia mama mkwe tochi yake aliyoinunua ya ziada, na mama mkwe akampa gunia la viazi na plamu ambazo zilifika Malindi nusu yake zimeshakuwa jemu.

Sasa ni mwaka na zaidi. Mdogo wetu ana mimba ya miezi saba. Juzi alitutumia picha aliyopigwa na wifi yake alfajiri: yuko njiani, ndoo ya maziwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika ukuta wa mawe, tochi juu ya ushungi wa bluu, na nyuma yake ukungu. Tumbo limetangulia. Mama ameiangalia picha hiyo mara nyingi kuliko za harusi.

Kila usiku baada ya Isha anampigia. Zamani swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekula?" Siku hizi tunamsikia kutoka chumbani, kabla hata salamu haijajibiwa: "Umeichaji?"

Tukutane tena panapo majaaliwa, in shaa Allah. Na mwombeeni mdogo wetu wepesi.